Ukuta Hupimwa kwa Upande wa Chini

Koku mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka chumba cha pili: unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Baba yako ameshakupa maagizo yote ya safari, kuanzia kukaa upande usiopigwa na jua hadi kutonunua chochote dirishani mpaka ufike Dodoma, na senene amewafunga kwenye karatasi juu ya karatasi kana kwamba huko uendako watu hawali. Mimi sina la kuongeza hapo. Utakula, utafua, utapata nyumba ya kupanga kama watu wengine wanavyopata.

Ninakuandikia kwa sababu ya ulichokisema leo mezani, na kwa sababu nilinyamaza wakati wewe ulitegemea niseme kitu.

Ulitueleza, huku ukicheka kidogo, kwamba bosi wako mpya amekupigia simu kukupa kazi ya kwanza. Utakuwa katibu wa kamati itakayolinganisha jinsi serikali mbalimbali zinavyosimamia usalama wa mabwawa, ili na sisi tuamue ukuta wa urefu gani uitwe bwawa na ukaguliwe, na upi uitwe lambo na uachiwe kijiji. Halafu akakuambia, kwa maneno yake mwenyewe kama ulivyotusimulia: "Tafuta zile nchi zenye kipimo kikubwa. Tunataka mifano ya kutuunga mkono." Yaani zile zinazoacha hata kuta ndefu kidogo bila kukaguliwa.

Nikaweka kijiko chini. Baba yako alidhani ndizi zimeungua, akaanza kujitetea. Ndizi zilikuwa nzuri tu. Nilikuwa nimechefukwa, kwa sababu maneno hayo nimeshawahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, na najua yaliishia wapi.

Kisha ukasema kwamba wakikulazimisha utawawekea barua ya kuacha kazi mezani na kuondoka, kwa sababu huwezi kushiriki uchafu. Baba yako akapiga makofi. "Huyo ni mtoto wa mama yake," akasema, na wote wawili mkanitazama mkisubiri nifurahi. Sikufurahi. Nilisingizia uchovu nikaingia chumbani.

Ningeweza kutoka sasa hivi nikakwambia ana kwa ana. Lakini jambo hili nikilizungumza huwa napaza sauti, na nikipaza sauti ninyi mnaanza kucheka, na mkishacheka basi, baba yako anaanza kusimulia ile hadithi ya kipaza sauti na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo naandika. Karatasi haicheki.

Nilipoanza kazi ya maji nilikuwa na ugonjwa wa kupenda sheria za wenzetu. Nilizisoma kama watu wengine wanavyosoma riwaya. Niligundua kwamba Waingereza hawakuamka tu asubuhi moja wakawa waangalifu. Mabwawa yao yalipasuka yakaua watu, ndipo miaka kama mia iliyopita wakaandika sheria, na hadi leo mhandisi wao akikagua akasema hapa parekebishwe kwa ajili ya usalama, mwenye bwawa hana ubishi. Uswidi mwenye bwawa analipa hasara hata kama hakukosea popote: maji ni yako, ukuta ni wako, basi na madhara ni yako. Uswisi wanavijaribu ving'ora vyao kila mwaka, nchi nzima, ili anayeishi chini ya bwawa aijue ile sauti kabla ya siku ya shida. Afrika Kusini hawatazami ukubwa wa ukuta peke yake, wanauliza pia nani anaishi chini yake, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua ukaguliwe na mtu wa ngazi gani. Nilikuwa narudi nyumbani Kiseke nawaeleza wewe na baba yako mambo haya mpaka chai inapoa. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unauliza kama king'ora cha Uswisi kinaweza kusikika hadi hapa.

Niliyasoma na yale ya kutia kinyaa. Marekani, ambako tunadhani kila kitu kimenyooka, kila jimbo lina taratibu zake, mabwawa mengi ni mali ya watu binafsi, na kuna jimbo lililokaa miaka na miaka bila mpango wowote wa kuyakagua. Brazil bwawa la taka za mgodi lilipasuka likiwa na cheti cha kuthibitisha kwamba liko imara. Hapa jirani, Kenya, bwawa la shambani lilipasuka usiku likawafuata watu vitandani, na ndipo kila mtu akaanza kuuliza habari za vibali.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ukizipanga nchi zote hizi, yenye sheria nene juu na yenye sheria nyembamba chini, utakuwa umeshajua ni wapi mtu analala salama. Na ukweli ni kwamba kwenye maandishi sisi hatumo mkiani. Vibali tunavyo. Ukaguzi umeandikwa. Mpango wa dharura umeandikwa. Mtu akitusoma bila kutoka ofisini anaweza kufunga mizigo ahamie hapa kwa ajili ya usalama wa mabwawa tu. Nilichukua muda mrefu kuona kwamba hilo lilikuwa jambo la kuchefua kuliko kutokuwa na sheria kabisa, kwa sababu asiye na sheria angalau hajidanganyi.

Sasa nije kwenye ile warsha. Ulikuwa kidato cha tatu. Mradi mmoja, ambao haupo tena, ulikusanya watu kutoka nchi kadhaa kwenye hoteli ya kando ya ziwa upande wa Ilemela ili walinganishe taratibu zao za mabwawa, na mwisho watoe mapendekezo kwa ajili yetu. Mimi niliteuliwa kuwa mmoja wa wenyeji. Nilishona gauni jipya. Nilidhani kwamba mambo yote niliyoyasoma miaka yote yamepata siku yake.

Siku ya pili wakatupeleka kutembelea lambo la Mwalubele, kijiji cha wafugaji huko ndani. Lambo unalijua: watu wanachimba, wanarundika udongo upande mmoja, mvua inajaza shimo, ng'ombe wanakunywa. La Mwalubele lilianza hivyo hivyo. Ila kila kiongozi aliyepita pale aliongeza tuta, kwa sababu kuongeza tuta kunapigiwa makofi. Huku ndani tope lilikuwa linajaa na hakuna aliyelichota, kwa sababu kuchota tope hakupigiwi makofi. Kwa hiyo ukuta ulipanda kwa nje na sakafu ikapanda kwa ndani. Aliyepima kwa upande wa maji aliona ukuta mfupi ule ule wa miaka yote. Ambaye angepima kwa upande wa chini, kule ilikojengwa shule ya msingi, angeona ukuta unaolipita paa la darasa.

Tulisimama juu ya tuta tukitazama maji. Palikuwa na ndege weupe, ng'ombe wazuri, upepo. Wageni wakapiga picha. Mkurugenzi wa mradi, mtu wa kaunda suti na tabasamu la kudumu, akateremsha futi kamba kwenye maji mpaka ikagusa tope, akaisoma kwa sauti, akasema, "Mnaona wenyewe. Hili ni lambo tu." Mama mmoja mhandisi kutoka Afrika Kusini akaomba tushuke upande wa pili. Akajibiwa kwamba nyasi za upande huo hazijafyekwa, kuna nyoka, na chakula kimeshaandaliwa.

Chakula kiliandaliwa wapi? Shuleni, chini ya ukuta. Tukazunguka na magari tukaenda kula tukiwa tumeupa ukuta mgongo. Kilikuwa kiangazi, nchi nzima ni vumbi na mabua, lakini nyuma ya madarasa palikuwa na shamba la miwa mizito, ya kijani, imesimama ndani ya udongo unaong'aa kwa maji. Mwalimu mkuu, dada mmoja anaitwa Mwalimu Kulwa, alikuja na miwa iliyomenywa kwenye sinia. Alinipigia magoti kidogo kama walivyolelewa kwao. "Shikamoo Mama. Karibuni miwa. Huku kwetu haikauki hata kiangazi."

Nilipokea nikauma. Ulikuwa mtamu sana, Koku. Na nikiwa bado nautafuna nikaelewa ninakula nini. Maji yanayoufanya muwa ustawi kiangazi chini ya tuta la udongo hayatoki mbinguni, yanatoka ndani ya tuta. Ukuta ulikuwa unavuja, na siku nyingi, mpaka watu wamelima bustani kwenye uvujaji wake. Nikatazama huku na huku. Wataalamu wa nchi zote zile, wenye sheria zao nene, walikuwa wanatafuna na kutema makapi na kusifu utamu. Ni yule mama wa Afrika Kusini peke yake aliyeutazama muwa wake muda mrefu, kisha akaufunga kwenye leso.

Mwalimu Kulwa aliona uso wangu umebadilika. Akanisogelea akaniuliza polepole kama huu ukuta ni wa kuwatia wasiwasi, maana wazazi wengine huwa wanauliza. Kabla sijafungua mdomo Mkurugenzi akamjibu kutoka kwenye kiti chake. "Mwalimu, hilo ni lambo."

Na yule dada akatulia. Nilimwona mabega yakishuka. Neno moja lilimtuliza kuliko ambavyo uhandisi wowote ungemtuliza, kwa sababu lambo ni kitu cha nyumbani, ni cha ng'ombe na watoto kuogelea, hakuna mtu aliyewahi kuliogopa lambo. Bwawa linaogopwa. Bwawa lina mlinzi, lina kibao cha onyo. Nimefikiri sana kuhusu neno hilo tangu siku ile, na bado linanitia kinyaa jinsi lilivyofanya kazi vizuri.

Kesho yake ukumbini likaletwa pendekezo: malambo yenye ukuta usiozidi urefu fulani, kwa kipimo cha kutoka sakafu ya maji, yaachiwe vijiji bila kukaguliwa. Mkurugenzi akasoma majina ya nchi ambazo nazo zinaacha kuta ndogo nje ya sheria. Majina yalikuwa ya kweli. Ila hakusema kwamba wenzetu hao wanapimia upande wa chini, pale ukuta unapokutana na ardhi nje ya bwawa. Alichukua namba yao akaacha upande wao. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo kazi unayotumwa kwenda kuifanya.

Nikaomba kipaza sauti. Nilisema niliyoyasema, na mengine sikupaswa kuyasema mbele ya wageni. Nikamaliza kwa kusema, "Jana mmekula miwa iliyonyweshwa na ukuta unaovuja, na leo bado mnauita lambo." Watu wakacheka, Koku. Walidhani ni utani wa kufungulia kikao cha asubuhi. Mkurugenzi naye akacheka, akanishukuru kwa mchango wangu wenye hisia. Hapo ndipo kinyaa kiliponishinda, nikatoka.

Kuanzia hapo unaijua hadithi, ndiyo ile anayoisimulia baba yako kila Krismasi tukienda Bukoba. Jinsi nilivyotoka na kipaza sauti kisicho na waya mkononi bila kujua, na ukumbi mzima ukanisikia nikitembea koridoni nikiwatukana kwa Kihaya ukoo hadi ukoo, mpaka fundi mitambo akanikimbilia getini. Hata mimi hucheka. Shangazi zako hulia machozi kwa kucheka.

Ambacho baba yako hasimulii, kwa sababu hakioni kama ni sehemu ya hadithi, ni nilichokifanya baada ya hapo. Nilikaa kwenye mawe kando ya ziwa, gugumaji limetanda mpaka miguuni, na nikajisikia safi. Hilo ndilo neno: safi. Nilijiona mimi peke yangu sina harufu. Nilikaa pale nikiufurahia usafi wangu muda wote ambao wao walikuwa ndani.

Wakati wa chai yule mama wa Afrika Kusini akanifuata pale kwenye mawe. Alifungua leso akanionyesha kile kipande cha muwa, bado kina majimaji. Akasema kwa upole kwamba alikuwa amejiandaa kuniunga mkono. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi lolote, akauliza tena, na yeye akatazama kiti changu. "Mgeni hawezi kuanza kupinga jambo la nchi ya watu," aliniambia. "Nilihitaji mwenyeji mmoja aliyekaa."

Kwenye kumbukumbu za kikao wakaandika kwamba pendekezo limepitishwa kwa kauli moja. Hawakusema uongo. Mimi ambaye ningekuwa kauli ya pili nilikuwa nje natazama maji.

Masika yaliyofuata ukuta wa Mwalubele ulipasuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na mapema, kwa hiyo madarasa yalikuwa matupu, na watu wengi walilichukua hilo kama habari njema. Nyumba ya mwalimu haikuwa tupu. Mwalimu Kulwa alikuwa ametoka kwenda gulioni, na mama yake mzazi, aliyekuja kumsalimia kutoka kijiji kingine, alikuwa bado amelala.

Nilikwenda kutoa pole. Sikutumwa na ofisi, nilikwenda mwenyewe na khanga na sukari. Miwa ilikuwa imelala yote upande mmoja chini ya tope, na harufu ya tope lile la miaka yote siwezi kukueleza. Mwalimu Kulwa alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa jirani. Nikamsalimia, akaitikia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeuliza njia, akasema, "Lakini Mama, si mlisema ni lambo."

Mlisema. Mimi nilikuwa ndani ya hilo neno pamoja na Mkurugenzi, na kutoka kwangu ukumbini kwa hasira hakukunitoa humo. Kwake yeye nilikuwa mmoja wa watu waliokuja na magari, wakala miwa yake, wakaondoka. Nilikaa naye mpaka jioni nikarudi nyumbani na matope hadi magotini, wewe ukanifungulia mlango ukaniuliza nimeanguka wapi.

Kilichofuata kilinimaliza. Walikuja watu kuchunguza. Walipofika kwenye swali la nani aliwajibika kuukagua ukuta, jibu likawa hakuna, kwa sababu taratibu za mabwawa hazihusiki pale, lile ni lambo. Basi mvua ikabebeshwa lawama, mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama vile ukuta hujengwa kwa ajili ya mvua ya kawaida tu. Na kisha, sikiliza hili, wakalijenga upya. Wakaliongeza kimo. Kukawa na ngoma na utepe. Shule nayo ikajengwa pale pale, kwa sababu msingi wa zamani ulikuwa bado mzima na ilionekana ni hasara kuuacha. Mwalimu Kulwa bado anafundisha pale. Huwa tunapigiana simu sikukuu. Mwaka huu aliniambia wamepanda miwa tena, na nikashindwa kumuuliza kama kiangazi haikauki.

Kwa hiyo uliposema mezani kwamba kamati yenu itaamua ni ukuta wa urefu gani uitwe lambo, mimi sikusikia kamati wala urefu. Nilimsikia huyo dada na darasa zima nyuma yake.

Sikufichi kwamba kazi hii imeniharibia moyo kiasi fulani. Siku hizi siwezi kumsikiliza mtu akisema "tumejifunza kutoka kwa wenzetu" bila kutaka kutema. Tunajifunza nini? Tunakwenda kwa wenzetu kama mtu anayekwenda sokoni akiwa ameshaamua cha kununua. Tunachukua jina la taasisi tunaacha madaraka yake. Tunachukua mkaguzi tunamwachia mwenye bwawa amlipe. Na usidhani ni sisi peke yetu, la hasha, ndiyo maana nilikutajia na Marekani na Brazil. Kila serikali niliyoisoma inapenda kuusimamia ule ukuta ambao mwenyewe si mtu mwenye cheo, na kila moja ina neno lake la kuuita mdogo ule ambao mwenyewe ni mtu mzito. Sisi letu ni lambo. Wao wana yao.

Hata sisi watu wa Mwanza tuna ugonjwa wetu maalumu. Tumekulia upande wa maji. Ziwa hili lote linatolea maji yake Jinja, na ukuta ulioko kule ni wa nchi nyingine. Sisi tunaona tu maji yakipanda hadi kwenye baraza za watu wa Ilemela au yakishuka mpaka mitumbwi inakaa kwenye tope, na tunalalamika. Hatujawahi kuwa watu wa chini ya ukuta. Tukifika kwenye bwawa lolote miguu yetu inatupeleka penye maji, tunasimama, tunasifu. Nimelifikiria jambo hili nikiwa najitafutia udhuru kwa siku ile ya Mwalubele, na udhuru haukutosha, lakini nakuachia uwe unalikumbuka miguu yako ikianza kukupeleka.

Sasa kuhusu barua yako ya kuacha kazi. Najua umeshaitunga kichwani. Najua hata sentensi ya kwanza, maana ninakujua. Itakuwa barua nzuri, na utakapoiweka mezani utajisikia safi, utashuka ngazi za hiyo ofisi ukiwa mwepesi, utanipigia simu, na baba yako atapata hadithi nyingine ya Krismasi. Na bosi wako atashukuru. Nakuambia hili nikiwa na hakika nalo kuliko jambo lolote kwenye barua hii: atashukuru. Atamweka pale kijana mwingine atakayeleta nchi anazozitaka, kwa upande anaoutaka.

Kinyaa si kitu kibaya. Sitaki ukipoteze, watu waliokipoteza nimefanya nao kazi, wanakula vizuri na kulala vizuri. Lakini ni kama harufu ya gesi jikoni. Inakuambia kuna mahali panavuja. Haifungi mtungi. Mimi kila niliposikia harufu nilitoka nje kupumua hewa safi, nikaita huko kutoka kuwa ni msimamo, na ndani wakaendelea kupika.

Kwa hiyo nakuomba, usikatae hiyo kazi. Mtafutie bosi wako hizo nchi zenye kipimo kikubwa, zote, asipate hata moja ambayo umemficha. Kisha kando ya kila namba andika wanasimama upande gani wanapopima. Andika nani anaishi chini na kama kuna mtu anayetakiwa kumwambia. Andika nani analipa ukipasuka. Usiandike maoni yako, usiweke hasira, usiwatukane kwa Kihaya. Waache waisome wenyewe mbele ya wageni. Wakikuambia uondoe hizo safu za pembeni, uliza nani ameagiza ziondolewe, na uulize ukiwa umekaa. Safari ya ukaguzi ikipangwa, vaa buti, na wewe shuka upande wa nyasi. Nyoka wapo, hilo hawakudanganya. Shuka na fimbo.

Utachefukwa. Kutakuwa na siku utatafuna chakula cha mchana pamoja nao na kitakuwa kama udongo mdomoni. Utanipigia, na mimi nitakusikiliza, na naahidi sitakwambia "rudi nyumbani", ingawa nitatamani. Inawezekana ukafanya yote haya na bado wakapitisha wanachokitaka. Nimelitazama hilo pia, sijajifunika macho. Watu wazima wenye tabasamu la kudumu hushinda mara nyingi, na binti mgeni kazini hana nguvu nyingi zaidi ya kiti alichopewa.

Lakini kiti unacho. Na siku moja mwenyekiti atauliza kama kuna pingamizi, atauliza tena haraka haraka huku akikusanya karatasi zake, na watu watakuwa wamechoka wanataka kwenda. Mlango utakuwa karibu sana. Wewe kaa, mwanangu. Kaa, nyosha mkono, sema jina lako na useme hukubaliani. Wakishinda, washinde wewe ukiwa humo ndani. Nataka tu siku hiyo wasiweze kuandika kwamba limepita kwa kauli moja.

Mama yako